Leseni na afya ya dereva wa semi na basi: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Nina miaka 14 njia ya Dar – Tunduma, nilianza utingo nikiwa kijana tu wa Uyole hata kufunga turubai sijui, na kitu nimekiona muda wote huo ni kwamba mambo ya leseni na ya afya tunafundishana kijiweni wakati tunasubiri mzigo, mmoja kasikia kwa mwenzake naye kasikia kwa mwingine, alafu tunaingia nayo barabarani hivyo hivyo. Kuna watu nimewazika kwa sababu ya hayo maneno, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

La kwanza: "leseni ni leseni bwana, ukishajua gia umejua gari." Hapana. Leseni yetu ina madaraja na kila daraja lina gari lake. B ni ya gari binafsi, haikupi ruhusa ya gari la biashara. D inakupa magari mengine ila sio pikipiki, sio malori makubwa, na sio ya abiria. Semi, iwe na tela au haina, ni E, na E hupewi mpaka uwe umekaa na D kwa miaka isiyopungua 3. Basi la abiria 30 na kuendelea ni C, nayo inataka uwe umekaa na C1, ile ya basi dogo, au E miaka 3 vilevile. Sasa piga hesabu, kijana aliyepata D leo akipita njia ya E mpaka afike kwenye C ni miaka 6, na hiyo miaka haikuwekwa kumkomoa mtu, ni muda wa kujifunza gari zito linavyokusukuma kwenye mteremko likiwa limejaa.

Hapo hapo kuna lingine, kwamba mwenye E anaendesha chochote. Nimeona mtu wa semi mzoefu kabisa anaombwa na wenzake asogeze basi kutoka stendi ya Nane Nane Mbeya hadi Makambako kwa sababu dereva wa zamu kaumwa ghafla, na yeye kwa roho nzuri anakubali. E haikupi abiria. Likitokea la kutokea trafiki atasoma daraja lililo kwenye kadi, na bima nayo inaweza kukukana, familia yako ibaki na kesi.

Na wewe mwenye C usiseme umemaliza. Ukiwa dereva wa gari la biashara kuna kuthibitishwa na LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, unafanya mtihani kwenye kompyuta, na kwa mabasi dereva aliyethibitishwa anakuwa na kile kitufe cha kujitambulisha kwenye mfumo wa kufuatilia mwendo ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Wazee wengi wanauogopa huo mtihani kwa ajili ya kompyuta tu, wakati maswali ni ya mambo wanayoyafanya kila siku. Mzee wangu, nenda kaombe kijana akuonyeshe kutumia mausi siku 2 tatu, utafanya vizuri.

Sasa tuje kwenye mwili, hapa ndo naumia zaidi.

Watu wanaamini kwamba leseni ikiwa hai na mwenyewe ni mzima. Tangu 2019 leseni inakaa miaka 5 badala ya 3. Miaka 5 ni mingi sana kwa mwili wa mtu anayekula saa tisa usiku na kukaa kiti kimoja siku nzima, ndani ya muda huo presha inaingia, sukari inaingia, macho yanapungua, na kadi mfukoni iko vilevile. Marekani dereva wa lori la biashara cheti chake cha afya hakizidi miaka 2, na akiwa na tatizo la kufuatiliwa anapewa muda mfupi zaidi. Kwetu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi, apimwe akiwa kazini, na apimwe anapoondoka. Matajiri wengi wenye gari 2 au 3 wanadhani hiyo ni ya viwandani tu, lakini kibini ya lori nayo ni mahali pa kazi.

Macho. "Mi naona vizuri, kibao cha Igawa nakisoma mbali kabisa." Kusoma mbali ni sehemu moja tu ya kuona. Kuna kuona pembeni bila kugeuza shingo, kuna kutofautisha nyekundu na kijani, na kuna jicho kurudi haraka baada ya kupigwa na taa za gari linalokuja. Mimi mwenyewe nilikuwa najisifu hivyo hivyo mpaka usiku mmoja napanda Kitonga, lori lililokuwa linashuka likanipiga taa, na baada ya kupita nikakaa kama sekunde 3 hivi sioni ukingo wa barabara, naona weupe tu. Niliegesha nilipopata nafasi, mikono inatetemeka. Nilipoenda kupima nikasimama mbele ya lile bango la herufi, jicho la kulia nikashuka mpaka chini bila shida, alafu mtaalamu akaniziba la kulia akaniambia soma tena, herufi za mstari wa tatu zikawa zinaogelea. Miaka yote nimeendeshea jicho moja na sijui, maana la kulia lilikuwa linamfunika mwenzake. Nikapewa miwani. Nilidhani miwani ndo mwisho wa kazi yangu kumbe miwani ndo inayokuruhusu kuendelea, kinachokutoa ni kuendesha bila kuivaa.

Alafu kuna hili la "ukisema una kisukari unanyang'anywa usukani, kaa kimya." Nikueleze nilichokiona. Tulikuwa foleni ya mizani Mpemba alfajiri, baridi ile mnayoijua, na mwenzangu alikuwa amejichoma insulini yake akitegemea kula mbele kidogo. Foleni haikusogea. Nikamfuata kibini kwake nimpe karatasi, nikakuta shati limelowa jasho na baridi yote ile, namuuliza kitu ananijibu kingine, mkono unatetemeka kwenye usukani, ungemwona ungesema kalewa. Sukari ilikuwa imeshuka. Bahati alikuwa anajulikana kwetu kwamba ana tatizo hilo, nikampa soda, yenye sukari ya kweli sio zile za dayeti, baada ya kama dakika 15 akaniita jina langu vizuri. Fikiria hiyo inamkuta kwenye mteremko wa Mlima Nyoka na tani 30 mgongoni. Alirudi kliniki wakampangia dozi upya, wakamfundisha kupima kabla ya kuwasha gari na kutoruka mlo, na glukosi iko kwenye dashibodi yake mpaka kesho. Hatari kwake ilikuwa ni kujificha.

Presha ni hivyo hivyo, watu wanangoja kichwa kiume ndo wajue. Presha ya juu kwa wengi haina dalili yoyote, siku ya kwanza kuisikia inaweza kuwa siku ya kiharusi. Kupima ni dakika 2.

Wengine wanakimbia kupima afya kwa sababu wanadhani ni ujanja wa kuwapima ukimwi. Sheria ya Ukimwi ya 2008 hairuhusu mtu kulazimishwa kipimo hicho ili apate kazi, na mtu anayeishi na virusi anayekunywa dawa zake vizuri anaendesha gari kama mtu mwingine yeyote. Msikose kujua presha yenu kwa hofu hiyo.

"Bia moja na nyama choma haina neno." Kwa gari binafsi sheria inaweka miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu, ila kwa dereva wa biashara ni sifuri. Sifuri kabisa.

Na usingizi ndugu zangu. Kahawa, mirungi, vile vinywaji vya kopo, vyote vinakuchelewesha tu kusinzia, havikulipii deni la usingizi. Mtu akikaa macho saa 17 anaanza kuendesha kama aliyekunywa, akifika 24 ameshavuka ule ulevi wa miligramu 80. Gari ikiwa 80 kwa saa inakata mita 22 kila sekunde, ukisinzia sekunde 4 umeenda karibu mita 90 bila dereva. Ndo maana basi linalosafiri zaidi ya saa 8 linatakiwa liwe na madereva 2, na huyo wa pili awe amelala kweli sio anapiga stori na konda. Na wale mnaokoroma sana alafu mnaamka mmechoka kama hamkulala, hiyo sio uchovu wa kazi peke yake, inaweza kuwa pumzi inakata usingizini, inatibika, mwambieni daktari. Kingine ni dawa za mafua, mwezi wa sita na wa saba Mafinga na Makambako kila mtu anapiga chafya, unanunua piriton duka la dawa unameza unaingia barabarani, ile inaleta usingizi mzito. Ukifika dukani sema kwanza mimi ni dereva, kuna nyingine hazilazi.

Utingo wangu ana D tangu mwaka jana na anataka semi sasa hivi. Nimemwambia bado miaka 2, wiki iliyopita tumeenda wote kupima macho na presha, kwake kumetoka safi, kaandika tarehe nyuma ya daftari la safari ili mwakani turudi.