Upepo wa Jua si nakala ya Jua

Wengi huamini kwamba upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji ya umeme unaotiririka angani, kwa kuwa unatoka kwenye Jua, una mchanganyiko uleule wa elementi uliopo usoni pake. Sivyo. Katika sehemu kubwa ya korona, yaani tabaka la juu la angahewa ya Jua, na katika upepo wa polepole, kiasi cha chuma, magnesi na silikoni, kikilinganishwa na oksijeni, huweza kuwa mara 2 hadi 4 ya kile cha usoni.

Mchujo huo hutokea chini zaidi, katika kromosfia, tabaka lililo kati ya uso na korona, ambako atomu za chuma hupoteza elektroni kwa urahisi na kuwa ayoni, yaani atomu zenye chaji, zinazoweza kusukumwa juu na mawimbi ya sumaku, ilhali neoni, inayong'ang'ania elektroni zake, hubaki nyuma. Heliamu ndiyo ya kustaajabisha: katika upepo wa polepole hupungua sana Jua linapotulia, kisha huongezeka madoa yake yanapozidi.

Upepo wa kasi, utokao kwenye mashimo ya korona, yaani maeneo ambako sumaku ya Jua hufunguka kuelekea angani, hukaribiana zaidi na uso. Ndiyo maana chombo cha anga cha Genesis, kilichorushwa na Marekani mwaka 2001, kilikuwa na vigae tofauti vya kunasa upepo wa kasi, wa polepole na wa milipuko. Kapsuli yake iliyorudisha vigae hivyo duniani ilianguka kwa kishindo katika jangwa la Utah mwaka 2004, lakini vigae vya kila kundi vilikuwa na unene wake, hivyo hata vipande vilivyovunjika viliweza kutambuliwa vilinasa upepo upi.