Uzi wa Kifuani Ndio Unaoirusha Tiara

Nafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Mwanza, na kila kiangazi huwaongoza wanafunzi kutengeneza tiara kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Wengi wao huamini kwamba tiara isiyopaa ni nzito, kwa hiyo huichana na kuanza upya, ilhali mara nyingi karatasi na fito havina kosa lolote. Kinachohitaji kurekebishwa ni mahali uzi wa kurushia ulipofungwa.

Kwa fito napendelea tete kavu lililopasuliwa katikati, kwani ni jepesi na hupindika bila kuvunjika, ingawa chelewa mbili za ufagio zilizofungwa pamoja nazo zinafaa. Zamani watoto walitumia mifuko ya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, gazeti linatosha kabisa. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo.

Kata ufito mmoja wa sentimita 60 na mwingine wa sentimita 50, kisha ufunge huo mfupi kwa kukingama, sentimita 15 kutoka kichwani, ukihakikisha pande zote mbili zinalingana uzito. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne, laza gazeti, kunja kingo zake juu ya uzi huo na uzibandike. Gundi ikikauka, funga uzi nyuma kutoka ncha moja ya ufito mfupi hadi nyingine, uuvute mpaka ufito upinde kidogo kama upinde wa mshale. Mmarekani William Eddy alionyesha katika miaka ya 1890 kwamba tiara iliyopindwa hivyo inaweza kutulia hata bila mkia, lakini kwa anayeanza bado nashauri mkia wa vitambaa wa mita 3 hivi.

Sasa tuje kwenye uzi wa kifuani. Upande wa mbele, toboa tundu pale fito zinapokutana na jingine sentimita 8 kabla ya ncha ya chini, kisha funga humo kipande kimoja cha uzi, kiasi kwamba kati ya fundo na fundo kibaki na urefu wa sentimita 75. Weka kitanzi sentimita 30 kutoka tundu la juu; hapo ndipo uzi mrefu wa kurushia utakapofungwa. Ukiinua tiara kwa kitanzi hicho, kichwa kinapaswa kuwa juu kuliko mkia. Tiara ikivuta kwa nguvu lakini ikagoma kupanda, imeukabili upepo kwa kifua kizima, kwa hiyo sogeza kitanzi kuelekea kichwani kwa sentimita 1. Ikipepesuka na kuanguka kwa kutangulia mbele, kisogeze chini kwa kiasi hichohicho. Sentimita hiyo moja hubadilisha mambo kuliko mwanafunzi anavyotarajia, na ndiyo maana nawasihi wasisogeze zaidi ya hapo kwa mara moja. Ikizunguka tu, ongeza mkia.

Hewa ya Mwanza, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10, hivyo tunahitaji upepo mkali kidogo zaidi. Bahati nzuri ziwa linatupatia: mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi. Subiri alasiri, usimame mbali na miamba, kwa sababu nyuma ya jiwe kubwa upepo huvurugika na hakuna kitanzi kitakachousawazisha. Kumbuka pia kwamba upepo huo huipeleka tiara kuelekea nchi kavu, penye nyumba na nyaya za umeme; chagua uwanja mpana, mbali na barabara ya bodaboda na mbali na uwanja wa ndege. Usitumie waya kamwe, na wingu la radi likianza kujikusanya ziwani, teremsha tiara mara moja.

Uzi wa pamba unatosha kwa ukubwa huu. Anayetumia nailoni ya kuvulia aikusanye yote anapomaliza, kwa maana vipande vinavyobaki ufukweni hunasa miguu ya ndege.