Mafunzo rejea ya dakika kumi yanatosha, ila karatasi ya mahudhurio peke yake haitoshi

Malalamiko kuhusu mafunzo ya kujikumbusha sheria na kanuni za kazi yanatufikia kutoka pande mbili. Wafanyakazi wanasema wanakalishwa saa tatu kuangalia slaidi zilezile za mwaka jana. Waajiri nao wanasema mkaguzi amekataa kuyatambua mafunzo waliyoyagharamia. Wote wana hoja, ingawa ya mwajiri hupungua uzito faili likishafunguliwa.

Ndani ya faili mara nyingi kuna karatasi moja. Juu imeandikwa "Mafunzo ya Uzingatiaji", chini yake majina na sahihi, kadhaa zikiwa za mkono mmoja na kalamu moja. Mada haikutajwa, aliyefundisha hajulikani, wala hakuna swali hata moja lililojibiwa. Kwa heshima zote, karatasi hiyo inathibitisha kwamba watu walikuwepo, tena si wote.

Tuelewane kuhusu urefu. Hakuna anayekudai saa tatu kwa kupenda tu. Kanuni nyingi zinataka mfanyakazi aelewe na aweze, bila kutaja idadi ya saa. Zipo zinazotaja: Marekani, wanaofanya kazi kwenye maeneo ya taka hatarishi hutakiwa saa 8 za mafunzo rejea kila mwaka, na hapo huwezi kupunguza hata robo saa. Kwa hiyo soma kwanza kanuni ya sekta yako na ya nchi yako. Makala haya hayachukui nafasi yake. Kama haitaji saa, dakika kumi zilizopangwa vizuri zinakubalika.

Kosa la pili ni kuchanganya ratiba na sababu. Chukua kanuni ya Marekani ya waendesha foklifti. Watu hupenda kusema inataka mafunzo rejea kila baada ya miaka mitatu. Haisemi hivyo. Inataka kila mwendeshaji apimwe utendaji wake angalau mara moja kila miaka mitatu. Mafunzo rejea yanadaiwa mara tu anapoonekana akiendesha kwa hatari, anapopata ajali au kuponea chupuchupu, kipimo kinapoonyesha upungufu, anapopewa foklifti ya aina nyingine, au mazingira ya kazi yanapobadilika kiasi cha kuathiri usalama. Mwajiri aliyepanga upya rafu za ghala mwezi Machi, kisha akasubiri mafunzo ya Desemba, hajazingatia chochote. Amejaza kalenda.

Sasa yaliyomo. Mafunzo rejea si muhtasari wa mwongozo wote. Chagua uamuzi mmoja ambao mfanyakazi anaufanya kazini na ambao umeonekana kukosewa, kisha jenga somo juu yake. Uamuzi huo utaupata kwenye daftari la matukio, kwenye maswali ambayo wasimamizi wa zamu huulizwa kila wiki, na kwenye taarifa ya ukaguzi uliopita. Kama unaanza kwa kufungua slaidi za zamani ili ubadilishe tarehe, simama hapo.

Tuseme tatizo ni taarifa binafsi kutumwa kwa mtu asiyehusika. Swali ninalolikuta kwenye majaribio mengi ni hili: "Je, ni muhimu kulinda taarifa za wateja? Ndiyo / Hapana." Sijui nani aliwahi kujibu hapana. Liandike hivi: "Ni Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Umegundua orodha ya mishahara uliyoituma kwa barua pepe imekwenda kwa mtu mwenye jina linalofanana na la mhasibu. Unampigia nani sasa hivi, na kwa namba ipi?" Hapo utaona mambo. Wako watakaomwomba aliyeipokea aifute na kunyamaza, na wako watakaosubiri Jumatatu. Wako pia watakaomtaja ofisa aliyehamishwa zamani, na hilo si kosa lao.

Jumatatu ina gharama. Chini ya kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2018, taasisi inayosimamia taarifa hizo ina saa 72 tangu ilipojua tukio kuripoti kwa mamlaka, isipokuwa kama tukio haliwezi kuleta hatari kwa watu husika. Saa hizo hazisimami kwa sababu ofisi imefungwa. Kushindwa kuripoti kunaweza kuleta faini ya hadi euro milioni 10 au asilimia 2 ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote, kutegemea kipi ni kikubwa. Kukiuka misingi yenyewe ya kanuni hiyo ni hadi milioni 20 au asilimia 4. Viwango hivyo mfanyakazi hana haja ya kuvikariri. Namba ya simu anaihitaji.

Kuhusu kumbukumbu, naomba subira kidogo maana hapa ndipo mashauri yanaposhindwa. Andika jina la mfanyakazi, tarehe, mada mahususi, jina la aliyefundisha na la aliyempima, toleo la somo lililotumika, lugha iliyotumika, majibu yake, na hatua iliyochukuliwa kwa aliyekosea. Aliyekosa na akaachwa arudi kazini vilevile ni ushahidi dhidi yako.

Mwaka 2012 Wizara ya Sheria ya Marekani iliamua kutoishtaki benki ya Morgan Stanley baada ya mkurugenzi wake mmoja aliyekuwa China kukiri kosa la kula njama ya kukwepa udhibiti wa ndani wa hesabu. Miongoni mwa yaliyotajwa ni kwamba kati ya 2002 na 2008 benki ilimfundisha mtu huyo mara saba kuhusu sheria ya rushwa na kumkumbusha walau mara 35. Alikosea pamoja na hayo yote, akafungwa. Lakini benki iliweza kuhesabu, na kila hesabu ilikuwa na karatasi yake. Haimaanishi kwamba mwajiri yeyote mwenye karatasi anasalimika. Uamuzi ule ulizingatia mambo mengine pia, ikiwemo kujiripoti na kushirikiana na wachunguzi.

Jambo la mwisho ni la muda, kwa sababu bado tunaulizwa kama masomo mafupi yanaweza kutumwa kwenye simu za wafanyakazi wayafanye usiku nyumbani. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya jibu liko kwenye Ibara ya 12 ya Agizo Na. 89/391 la 1989: mafunzo ya usalama na afya kwa wafanyakazi hufanyika ndani ya saa za kazi na si kwa gharama yao. Kwingineko, Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1981 unasema hatua za usalama na afya zisimgharimu mfanyakazi, na bando la intaneti ni gharama. Tenga dakika kumi mwanzoni mwa zamu, msimamizi akiwepo, na zamu ya usiku ipate somo lake usiku.