Je, Wajua Ni Nani Humchagulia Padri Somo la Jumapili?

Misa ikiisha na watu wakisimama nje ya kanisa kusalimiana, iwe Nyalenda kule Kisumu au Kaptembwa kule Nakuru, hutakosa kusikia mtu akisema, "Leo padri ametutafutia somo." Injili ikigusa ndoa, kuna wanandoa wanaotazamwa. Ikigusa ugomvi wa ndugu, kuna familia inayojihisi imesemwa. Ikigusa kutoa, watu wanakumbuka kwamba wiki iliyopita kamati ya ujenzi ilitangaza upungufu wa mabati.

Padri hakulitafuta. Somo hilo lilipangiwa Jumapili hiyo na Kanisa Katoliki lenyewe mwaka 1969, katika mpango wa masomo wa miaka mitatu inayozunguka, Mwaka A, B na C, pengine kabla padri mwenyewe hajazaliwa. Siku hiyohiyo limesomwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Theresa mjini Kisumu, katika la Kristo Mfalme mjini Nakuru, katika vigango vya Bungoma na Kakamega, na hata Roma na Manila. Misa ya kwanza huenda ikawa ya Kidholuo, ya pili ya Kiswahili, ya tatu ya Kiingereza, lakini Injili ni ileile.

Dhana hii tusiipite haraka, kwa sababu ina madhara. Mtu akiamini kwamba amelengwa, masikio yanafunga. Hasikii tena Neno la Mungu, anasikia maoni ya padri juu yake, na anarudi nyumbani na kinyongo mahali ambapo alistahili kurudi na chakula cha roho.

Chukua Injili ya mjane maskini, Marko 12:38-44. Husomwa Jumapili ya 32 ya Mwaka B, ambayo huangukia Novemba. Ilisomwa tarehe 10 Novemba 2024, na zamu yake inarudi tarehe 7 Novemba 2027. Yesu ameketi kulielekea sanduku la hazina. Matajiri wanatia vingi, kisha anakuja mjane na kutia senti mbili, riziki yake yote. Mwumini anayejua parokia ina deni ataapa kwamba somo limeletwa makusudi. Lakini sikiliza Injili hiyohiyo inavyoanza: Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi wanaopenda kutembea wamevaa mavazi marefu, wanaopenda viti vya mbele, na wanaokula nyumba za wajane. Onyo hilo linamgusa kwanza yule aliyesimama mimbarini akilisoma. Anayejitafutia somo la kuchangisha pesa hangeanzia hapo.

Tazama pia kinachokosekana. Mstari unaotajwa sana nchini mwetu panapozungumzwa habari za kutoa ni Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani." Pitia masomo ya Jumapili ya miaka yote mitatu, A, B na C, hutaukuta. Kama masomo yangekuwa yanachaguliwa kwa kuangalia mfuko wa parokia, mstari huo ungekuwa wa kwanza kuingizwa.

Hata hivyo padri ana nafasi kidogo ya kuchagua. Baadhi ya masomo marefu yana toleo fupi linaloruhusiwa, na Injili ya mjane ni mojawapo: anaweza kuanzia mstari wa 41, na hapo lile onyo kwa waandishi halitasikika. Kwenye harusi na mazishi kuna orodha ya masomo ya kuchagua, na familia inaweza kushiriki kuyachagua. Sikukuu ya msimamizi wa parokia nayo huja na masomo yake. Na haya yote yanahusu Kanisa la Kilatini, yaani Kanisa Katoliki la Magharibi, ambalo ndilo karibu Wakatoliki wote wa Kenya wamo. Makanisa Katoliki ya Mashariki yana mipangilio yao.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, masomo ya Jumapili yalirudi yaleyale kila mwaka, na Agano la Kale lilisikika kwa nadra tu. Tarehe 4 Desemba 1963, hati ya Mtaguso juu ya Liturujia iliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi, ili waamini walishwe vizuri kwenye meza ya Neno la Mungu. Mpango mpya ulitolewa mwaka 1969 na kuanza kutumika Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, ya mwaka huo. Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Yohane hana mwaka wake, ila husikika sana Kwaresima na Pasaka. Tena, kwa kuwa Injili ya Marko ni fupi, katika Mwaka B Yohane huingia kuanzia Jumapili ya 17 hadi ya 21, na Jumapili tano mfululizo tunasikia sura ya sita, juu ya mkate wa uzima.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani namna masomo ya Jumapili moja yanavyohusiana. Wengi hudhani masomo yote matatu yana ujumbe mmoja, halafu wanahangaika kuutafuta uzi unaoyaunganisha. Katika kipindi cha kawaida, yaani Jumapili zilizo nje ya Majilio, Krismasi, Kwaresima na Pasaka, uzi huo unaunganisha masomo mawili tu. Wapangaji walianza na Injili, kisha wakatafuta katika Agano la Kale kifungu kinachoendana nayo. Ile Jumapili ya mjane na senti mbili, somo la kwanza ni 1 Wafalme 17:10-16. Eliya anafika kwenye lango la Sarepta na kumkuta mjane akiokota kuni. Mama huyo ana konzi moja ya unga katika pipa na mafuta kidogo katika chupa. Anataka kupika, yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Anampa nabii kwanza, na unga haupungui. Mjane mmoja anamtangulia mwingine kwa karne nyingi, na katikati yao tunaimba Zaburi ya 146, inayosema Bwana humtegemeza yatima na mjane. Mwimbishaji anayeujua uzi huu haimbi kiitikio ili kujaza nafasi.

Somo la pili lina safari yake peke yake. Ni kama barua ndefu ya ndugu aliye mbali, ambayo familia imekubaliana kuisoma ukurasa mmoja kila Jumapili jioni. Mgeni akiingia siku ya ukurasa wa sita, atashangaa kusikia "kwa hiyo" bila kujua kwa sababu gani. Wenyeji hawashangai, kwa kuwa wameifuata tangu mwanzo. Ukurasa wa leo hausubiri habari za leo pale nyumbani. Unasomwa kwa sababu wiki iliyopita tuliishia ukurasa uliotangulia. Na masomo haya mengi kweli ni barua. Jumapili ya mjane tunasoma Waebrania 9:24-28, juu ya Kristo aliyeingia mbinguni kwenyewe kwa ajili yetu. Hakuna mjane hapo, wala sadaka ya sandukuni. Waraka huo ulianza kusomwa Jumapili ya 27 na utaishia ya 33. Msikilizaji aliyekosa Jumapili nne akidhani hajapoteza kitu, amepoteza kurasa nne.

Utaratibu huu hubadilika msimu ukibadilika. Majilio na Kwaresima masomo yote hushikana zaidi. Kipindi cha Pasaka somo la kwanza hutoka Matendo ya Mitume, si Agano la Kale. Na ziko Jumapili za kawaida ambazo uzi kati ya somo la kwanza na Injili ni mwembamba, hata mhubiri mzuri hupata kazi kuuonyesha.

Wapo pia wanaosema ukihudhuria Misa miaka mitatu umeisikia Biblia yote. Sivyo. Ukijumlisha Jumapili na siku za wiki, unasikia takriban asilimia 71 ya Agano Jipya, na takriban asilimia 14 tu ya Agano la Kale ukiacha Zaburi. Kiasi hubadilika kidogo kutegemea namna ya kuhesabu mistari, lakini sehemu kubwa ya Agano la Kale ni lazima uisome mwenyewe.

Mahubiri yamefungwa kwenye masomo haya. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 767, inasema katika Misa za Jumapili zenye waamini homilia, yaani mahubiri ya Misa, isiachwe bila sababu nzito, na itolewe na padri au shemasi. Kuhusu urefu, Papa Fransisko alisema tarehe 12 Juni 2024 kwamba isizidi dakika nane. Nadhani dakika nane zinatosha kabisa kama waliokaa kwenye viti wamekuja wakiwa tayari wameyasoma masomo.

Kujiandaa huko kunawezekana, kwa sababu somo linajulikana mapema. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya waamini majirani, mwaka 1976, walizipa familia mahali pa kuifungua Injili kabla ya Jumapili. Jumuiya nyingi hutumia hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kila mtu kutaja neno au fungu lililomgusa na kulirudia, kunyamaza, kushirikishana, kujadili kazi ya kufanya, na kuomba. Hatua ya tatu ndiyo mara nyingi hurukwa, na kwangu ndiyo yenye thamani kubwa. Mama anasema "riziki yake yote", anarudia, anarudia tena, bila kueleza. Hapo somo linakuwa sala kabla hata mhubiri hajafungua kinywa.

Kuujua mwaka ni rahisi. Gawanya mwaka kwa tatu: usipobaki na kitu ni C, ikibaki moja ni A, zikibaki mbili ni B. Kwa hiyo 2026 ni A na 2027 ni B. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza Majilio, si Januari, hivyo Mwaka B unaanza tarehe 29 Novemba 2026. Marko ana sura 16 tu, na mtu akikaa mchana mmoja anaimaliza Injili yake yote kabla Jumapili hiyo haijafika.