Je, wajua kwa nini mtaalamu wa nyota alimtumia mkuu wa FBI jarida la wapenzi wa jinsia moja?

Watu wengi wakiulizwa harakati za wapenzi wa jinsia moja Marekani zilianza lini, hutaja Stonewall: baa ya New York ambayo polisi waliivamia usiku wa kuamkia 28 Juni 1969, na wateja wakakataa kutawanyika. Baadhi huongeza kwamba Marsha P. Johnson ndiye aliyerusha tofali la kwanza. Marsha mwenyewe alisema alifika vurugu zikiwa zimeshapamba moto.

Kufikia usiku huo, ilikuwa imepita karibu miaka 19 tangu Harry Hay na wenzake waanzishe Mattachine, chama cha kutetea wapenzi wa jinsia moja, kule Los Angeles, kwa mikutano ya siri. Del Martin na Phyllis Lyon, wapenzi walioishi pamoja San Francisco, walishiriki kuanzisha Daughters of Bilitis, chama cha wanawake wapendao wanawake, mwaka 1955. Na tarehe 17 Aprili 1965 watu kumi walikuwa wameshaandamana na mabango mbele ya White House, wanaume wakiwa na suti na tai, wanawake na magauni. Stonewall iliwaleta vijana wengi na kelele nyingi, jambo ambalo si dogo. Lakini kuanza, zilikuwa zimeshaanza.

Aliyesisitiza suti zile ni Frank Kameny, mwenye shahada ya uzamivu ya unajimu wa kisayansi kutoka Harvard. Mwaka 1957 Idara ya Ramani ya Jeshi ilimfukuza kazi kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Aliandika mwenyewe ombi kwa Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1961 ikakataa kumsikiliza. Kazi ya nyota hakuipata tena.

Hoja ya serikali ilikuwa hii: mtu wa namna hiyo ana siri, na mwenye siri anaweza kutishwa na majasusi hadi atoe nyaraka. Ushahidi ulikuwa haba. Kamati ya Seneti iliyochunguza suala hilo mwaka 1950 ilitegemea mfano wa Kanali Alfred Redl wa Austria, ofisa wa ujasusi aliyedaiwa kutishwa na Warusi. Redl alikufa 1913, na Warusi hao walikuwa wakimlipa vizuri.

Kameny aliona kasoro iliyo ndani zaidi. Wanaojua mikopo ya kausha damu wataielewa upesi. Mkopeshaji huchukua kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Plastiki yenyewe haimfai kitu. Anachoshikilia ni mshahara wako, kwa kuwa huna njia nyingine ya kuufikia. Siku ukienda benki ukaifunga kadi ile na kupewa mpya, yeye amebaki na kipande cha plastiki. Mtishaji naye hana nguvu ya kwake. Ana neno ambalo wewe unaogopa lisisikike, na ukilisema mwenyewe hadharani, hana cha kuuza. Ajabu ni kwamba serikali ilimfukuza mtu kwa kuwa na siri, ilhali alificha kwa kuogopa kufukuzwa.

Ndiyo maana, Kameny na wenzake walipoanzisha Mattachine ya Washington mwaka 1961, jarida lao lilitumwa hadi kwa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, mtu aliyeishi kwa mafaili ya siri za wengine. FBI ikamwita Kameny na kuomba jina la bosi wao liondolewe kwenye orodha. Akajibu kwamba hilo lingewezekana iwapo wao wangeharibu mafaili yao kuhusu chama.

Ila dawa hii haikumfaa kila mtu. Kameny alikuwa ameshapoteza alichoweza kupoteza. Jack Nichols, mwenzake katika kuanzisha chama, alikuwa mtoto wa ofisa wa FBI, na mwaka 1967 alipohojiwa kwenye televisheni alitumia jina la Warren Adkins. Kay Lahusen, mpiga picha na mpenzi wa mwanaharakati Barbara Gittings, alijulikana kwa miaka kama Kay Tobin. Wote wawili waliandamana wakiwa na nyuso wazi na majina ya bandia.

Tume ya Utumishi wa serikali iliondoa marufuku ya kuwaajiri wapenzi wa jinsia moja mwaka 1975. Mwaka 2009 ofisi iliyorithi kazi za tume hiyo ilimwandikia Kameny, akiwa na miaka 84, barua ya kumwomba radhi. Aliyeisaini ni mkurugenzi wake, John Berry, aliyejulikana wazi kuwa mpenzi wa jinsia moja. Kameny akajibu kwamba radhi imekubaliwa.