Hewa ya kupitiliza ni nini, na kwa nini nyumba yenye madirisha makubwa bado inafukuta

Ramani ya nyumba yangu si yangu. Niliinakili kwa shemeji yangu aliyejenga Kiamunyi, Nakuru, nikamkabidhi fundi wangu huku Mamboleo, Kisumu, nikamwambia aisimamishe ilivyo, asiongeze wala asipunguze. Kwa shemeji ukiingia saa saba mchana unapokewa na ubaridi wa mawe. Kwangu, mwezi wa kwanza tu watoto walibeba godoro wakahamia sebuleni, karibu na mlango. Madirisha ni yale yale, mapana, ya vioo. Siku moja fundi mmoja mzee alikuja kutengeneza bomba la jikoni, akasimama katikati ya chumba cha kulala akijifuta jasho, akaniuliza: "Mwalimu, upepo ukishaingia hapa, unatokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Chumba kilikuwa na dirisha moja, kubwa kweli, na mlango ambao usiku hufungwa.

Hewa ya kupitiliza, ambayo mafundi wengi huiita krosi ventilesheni, ni hiyo: hewa iingie kwa upande mmoja wa chumba na itoke kwa upande mwingine, na katika safari yake ipite pale watu walipo. Tundu la kuingilia peke yake halitoshi. Chukua chupa tupu ya soda uipulize mdomoni. Pumzi yako haiingii, inakurudia usoni. Itoboe kitako, utapuliza mpaka uchoke. Chumba chenye dirisha upande mmoja ni chupa ambayo haijatobolewa, na ukipanua dirisha lile lile umepanua mdomo wa chupa tu.

Kuna njia rahisi ya kuona hewa inavyotembea nyumbani kwako. Washa ile dawa ya mbu ya kuchoma, iweke kwenye kigoda karibu na dirisha saa tisa alasiri, kisha ukae utazame moshi. Kwangu moshi uliingia kama hatua mbili, ukajikunja, ukapanda hadi kwenye siling'i na kutanda pale. Nilipofungua mlango wa chumba na dirisha la korido lililo ng'ambo, ule uzi wa moshi ulinyooka kama umevutwa na mtu, ukakatiza juu ya kitanda na kutokomea koridoni. Sikuhitaji mhandisi baada ya hapo.

Hewa husukumwa na mambo mawili. La kwanza ni upepo wenyewe: ukuta unaopigwa na upepo hupata msukumo, na ukuta wa nyuma hubaki na mvuto, hivyo hewa hutaka kutoka mbele kwenda nyuma ikipewa njia. La pili ni joto. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikikuta matundu karibu na siling'i hutoka, na ya baridi huingia chini kujaza nafasi yake, hata siku ambayo jani halitikisiki. Ndiyo maana nyumba za zamani zina yale matundu madogo juu ya dirisha na juu ya mlango. Siku hizi wengi huyaziba kwa saruji wakisema yanaleta vumbi. Wanajifungia joto.

Kisumu haikosi upepo. Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na hewa ya Ziwa Victoria inakuja kushika nafasi hiyo. Kufikia alasiri upepo wa Ghuba ya Winam, ule mkono wa ziwa unaofika huku kwetu, unakuwa umefika mjini. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa kwanza, upepo ukaelekea ziwani. Kwa hiyo nyumba ya huku hupata upepo kutoka pande mbili tofauti kwa siku moja, na mwenye kuelewa hilo huweka matundu pande zote mbili.

Shida inaanzia hapa. Ziwa liko magharibi ya mji. Upepo mtamu wa alasiri unatoka upande ule ule linakotokea jua kali la jioni. Ukifungua magharibi umekaribisha vyote viwili, na ukifunga umevikosa vyote viwili. Nadhani hilo ndilo fumbo kubwa kuliko yote katika kujenga Kisumu, na ramani ya kununua mtandaoni hailijui.

Tuangalie jua lenyewe. Kisumu iko kusini ya ikweta kwa kama kilomita kumi tu. Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita utosini. Juni huinamia kaskazini na Desemba kusini, lakini halizidi nyuzi 23.5 kila upande. Maana yake ni kwamba ukuta wa kaskazini na wa kusini ni rahisi kuukinga: paa likijitokeza sentimita 65 nje ya ukuta, adhuhuri linatia kivuli mita 1.5 kwenda chini, hata katika ile siku jua limeinama kuliko siku zote. Dirisha zima limesalimika.

Magharibi ni hadithi nyingine. Saa za Kenya hufuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo haipiti hata kwenye ardhi yetu. Iko kule Somalia. Kisumu iko karibu nyuzi 35. Kwa sababu hiyo jua letu hufika utosini kama dakika 40 baada ya saa sita, na saa kumi na moja jioni, wakati watu wa mwambao wanaanza kuona vivuli virefu, letu bado liko nyuzi 25 hivi juu ya upeo, likitazama moja kwa moja dirishani. Ukitaka kulikinga dirisha la mita 1.2 kwa saa hiyo, paa lijitokeze mita mbili na nusu. Hiyo si ncha ya paa tena. Hiyo ni veranda.

Na kweli nyanya alikuwa nayo. Nyumba yake ya nyasi kule Seme ilikuwa na agola, kibaraza kilichofunikwa na paa lile lile, na jioni wote tulikaa pale, si ndani. Ukuta wa udongo haukuwahi kupigwa na jua. Juu, hewa ya moto na moshi wa jikoni vilijipenyeza kwenye nyasi taratibu. Sisemi turudi kwenye nyasi, maana mabati hayavuji na hayaliwi na mchwa, lakini tulipoyaleta mabati tuliacha agola nyuma, na hapo ndipo tulipopunjwa.

Sasa kuna mtindo mpya unaonikera, huu wa paa lililofichwa. Ukuta unapandishwa juu ya paa ili nyumba ionekane kama sanduku. Inapendeza kwenye picha. Lakini nyumba hiyo haina ncha ya paa hata sentimita tano. Kila dirisha limeachwa uchi kwa jua, na mvua za jioni za Kisumu zikija na upepo wake unalazimika kufunga kila kitu wakati ule ule hewa ya baridi imewadia. Ongeza mabati ya rangi ya makaa, kwa sababu ndiyo fasheni, na umejenga oveni. Bati jeupe au la rangi hafifu hurudisha jua angani, na uwazi ulio kati ya bati na siling'i, ukiwa na matundu pembeni, hutoa lile joto kabla halijashuka kwenye siling'i.

Madirisha nayo yana udanganyifu wake. Lile la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu: umelipia mita mbili, hewa imepata moja. Luva za kizamani, zile za vipande vya vioo vinavyopinduka, ambazo watu wanaziita za kimaskini, zikifunguliwa hupitisha karibu nafasi yote, na unaweza kuzielekeza upepo ushuke mwilini badala ya kupita juu ya kichwa. Mimi ningezirudisha kesho kama fremu zisingekuwa zimeshalipwa. Na tundu la kutokea likiwa kubwa kidogo kuliko la kuingilia, hewa huingia kwa kasi zaidi. Kasi ndiyo tunayoitafuta Kisumu, kwa sababu joto letu lina unyevu. Jasho halikauki mpaka hewa iliguse.

Mbu ni lazima watajwe. Anayeeneza malaria hupenda kuingia usiku kupitia ule mwanya kati ya ukuta na paa, na huku kwetu malaria si jambo la kubahatisha. Kila tundu la hewa liwe na wavu, na mwanya wa paa uzibwe kwa wavu, si kwa saruji. Wavu hupunguza upepo, tena ukijaa vumbi hupunguza zaidi, hivyo fanya tundu liwe kubwa kuliko unavyodhani na usugue wavu kila baada ya miezi michache. Matundu madogo ya juu yenye nondo pia yanakuondolea lile swali la wezi, maana wengi wetu hufunga madirisha usiku kwa kuogopa watu, si baridi.

Upande wa gharama, hesabu ni fupi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane hula karibu nusu yuniti ya umeme. Kiyoyozi cha wati 1,200 kikifanya kazi saa hizo bila kupumzika hula yuniti tisa na nusu. Dirisha la pili halili tokeni.

Kuhusu mwanga, nuru ya dirisha husaidia mpaka umbali wa kama mara mbili na kidogo ya urefu kutoka sakafuni hadi kichwa cha dirisha. Linta, ile boriti ya juu ya dirisha, ikiwa mita 2.1 kutoka sakafuni, baada ya mita tano utawasha taa mchana. Chumba chenye madirisha pande mbili hakina kona hiyo ya giza, na kuta zake hazipati ukungu haraka. Kwa magonjwa ya hewani kama kifua kikuu, hewa inayobadilishwa mara kwa mara ni kinga ambayo hakuna anayekutoza.

Nakuru je? Iko mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko 1,130 hivi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita au zaidi, kwa hiyo shemeji yangu ana nyuzi nne za neema mchana, na usiku ana adhabu. Nyumba yake inahitaji mawe mazito yanayokunywa jua mchana na kulirudisha polepole usiku. Mawe hayo hayo kwenye ukuta wangu wa magharibi hula jua la saa kumi na kulitema saa nne usiku, kitandani kwangu. Ramani moja, dawa kule, sumu huku.

Lakini Nakuru nako hewa ya kupitiliza haina likizo. Mwezi wa saba, baridi ikikaza, watu huziba kila tundu kwa magazeti na kuingiza jiko la makaa chumbani. Kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu wala rangi, na aliyelala hawezi kuihisi. Matundu ya juu yaachwe wazi hata kwa baridi, na jiko likae nje. Joto litafutwe kwa jua la asubuhi, chumba cha kulala kikitazama mashariki.

Kwangu, fundi yule mzee alitoboa ukuta wa mashariki, juu karibu na siling'i, tukaweka matundu manne yenye wavu, na juu ya mlango wa chumba tukakata nafasi ya luva. Sebule tuliiongezea kibaraza cha mita mbili upande wa ziwa. Moshi wa dawa ya mbu sasa unapita. Chumba cha watoto bado kina shida, maana dirisha lake liko magharibi na kibaraza hakikufika. Mwarobaini niliopanda pale umefika kwenye ukingo wa chini wa dirisha. Hadi ukue, saa kumi jioni binti yangu hutoka nje na kuteremsha mkeka wa mafunjo tulionunua Dunga, akaufunga kwa kamba kwenye msumari, akauacha mwanya wa chini wazi ili upepo upite.