Je, wajua kwa nini baba wa chama cha Labour cha Uingereza hakuwahi kuchaguliwa na Waskoti wenzake?

Baba huyo, Keir Hardie, alizaliwa Lanarkshire, Uskoti, mwaka 1856. Alishuka mgodini akiwa na miaka 10, na baadaye akawatetea wachimba makaa ya mawe. Kwa hiyo wengi huamini kwamba wachimbaji wa kwao ndio waliompeleka bungeni. Sivyo. Hakuwahi kuwa mbunge wa jimbo lolote la Uskoti.

Si kwamba hakujaribu. Mwaka 1888 aligombea Mid Lanark, katikati ya watu aliowapigania, akaambulia kura 617 na kushika mkia kati ya wagombea watatu. Wapiga kura wengi wenye asili ya Ireland walifuata agizo la viongozi wao la kuunga mkono chama cha Liberal, kilichoahidi kuipa Ireland serikali yake. Tena wafanyakazi wengi hawakuwa hata na haki ya kupiga kura, maana sheria ilitazama nyumba unayoishi na muda uliokaa hapo.

Lakini sheria haikumtaka mgombea awe mzaliwa au mkazi wa jimbo. Hardie akageukia London. Mwaka 1892 alishinda West Ham South, ambako Liberal hawakusimamisha mtu dhidi yake. Miaka mitatu baadaye akakipoteza kiti.

Kilichofuata ndicho kinachosisimua zaidi. Uchaguzi wa mwaka 1900 ulipigwa kwa siku tofauti katika majimbo tofauti, na Hardie aligombea mawili kwa pamoja: Preston, Uingereza, na Merthyr Tydfil, Wales. Preston akashindwa. Merthyr akapita, ingawa alifanya kampeni huko kwa muda mfupi sana.

Aliwezaje? Merthyr ilikuwa na viti viwili, na kila mpiga kura alikuwa na kura mbili. Ni kama mtu aliyepewa kuponi mbili za chakula, lakini haruhusiwi kuzitumia zote kwa muuzaji mmoja. Ya kwanza anampa mama ntilie wake wa siku zote. Ya pili ataipeleka kwa jirani, au ataondoka nayo mfukoni. Mama ntilie wa siku zote alikuwa D. A. Thomas wa Liberal, mwenye migodi. Mbunge wa pili, Pritchard Morgan, alikuwa Liberal pia, lakini yeye na Thomas hawakupikika chungu kimoja. Hivyo wafuasi wengi wa Thomas waliitoa kura yao ya pili kwa Hardie, na Morgan akaanguka.

Je, walimpenda Hardie au walimchoka Morgan tu? Kura ni siri, na karatasi haiandiki nia. Hata hivyo Hardie hakuwa mgeni kabisa machoni pao: mwaka 1894, mlipuko ulipoua wachimbaji zaidi ya 250 Cilfynydd, karibu na Pontypridd huko Wales, ni yeye aliyelikaripia Bunge kwa kushangilia mtoto mchanga wa ukoo wa kifalme na kuwasahau marehemu.

Mwaka 1906 akawa mwenyekiti wa kwanza wa wabunge wa Labour. Kiti cha Merthyr alikishika hadi alipofariki mwaka 1915. Katika chaguzi zote nne alizoshinda huko, hakuongoza kwa kura hata mara moja: kila mara alikuwa wa pili, na wa pili alitosha.